Historia ya Sanaa: Shahada Isiyokuwamo Katika Orodha Yetu

Sisi tunaoishi ughaibuni tuna orodha moja ya masomo ambayo haikuandikwa popote, lakini kila mzazi anaijua kwa moyo: udaktari, uhandisi, ufamasia, sheria, uhasibu na, tangu miaka ya tisini, kompyuta. Kijana akichagua kimoja kati ya hivyo, habari zake hutangazwa harusini na hata matangani. Akichagua kitu kingine, mama yake husema tu kwamba "yupo chuo kikuu", kisha mazungumzo huhamia kwenye bei za tiketi. Orodha hii hatuidharau. Sisi wenyewe tumesomea uhandisi katika nchi za watu, na uhandisi ndio uliolipa kodi ya nyumba, uliosomesha wadogo zetu na uliopeleka mabati na saruji nyumbani. Mtu aliyekuja na sanduku moja hachezi kamari na ada ya skuli.

Lakini watoto waliozaliwa huku hawakuja na sanduku. Baadhi yao wameanza kutaja masomo ambayo kwetu hayana hata jina lililozoeleka, na mojawapo ni historia ya sanaa. Wengi wetu tukilisikia hufikiri mambo mawili: kwamba ni kujifunza kuchora, na kwamba ni somo la watoto wa matajiri. La kwanza si kweli hata kidogo. La pili lina ukweli ndani yake, ila somo lenyewe lina historia ndefu kuliko hapo, na katika historia hiyo wamo watu wanaofanana na sisi kuliko tunavyodhani.

Tuanze na hilo la kuchora. Mwanafunzi wa historia ya sanaa anaweza kumaliza miaka yake mitatu Uingereza, au minne Scotland na Marekani, bila kushika brashi hata siku moja. Anachofundishwa ni kukitazama kitu kilichotengenezwa na binadamu, kiwe jengo, picha, sanamu, nguo, kitabu au sahani, na kukihoji kama hakimu anavyomhoji shahidi. Nani alikiagiza? Nani alikilipia? Fundi alijifunza wapi? Kiliwekwa mahali gani, na nani aliruhusiwa kukiona? Kwa nini kikawa hivi na si vile? Halafu anakwenda maktaba na kwenye nyaraka kutafuta majibu, mara nyingi katika lugha asiyoijua vizuri, na anaandika. Ni historia kama historia nyingine, isipokuwa hapa ushahidi wa kwanza ni kitu chenyewe, na karatasi inafuata nyuma.

Watu hudhani somo hili ni la kale kama falsafa. Kwa umri wa vyuo vikuu, ni la juzi. Kiti cha profesa wa historia ya sanaa kilianzishwa Berlin mwaka 1844, akakikalia Gustav Waagen, aliyekuwa pia mkuu wa mkusanyo wa picha wa jumba la makumbusho la mji huo. Vienna ikafuata mwaka 1852 na Rudolf Eitelberger. Marekani, Charles Eliot Norton alianza kufundisha Harvard mwaka 1874. Sisi mafundi tunapenda kukumbusha kwamba somo hili lisingekuwa lilivyo bila mashine. Kabla ya picha za kamera, profesa aliyetaka kulinganisha kanisa la Italia na kanisa la Ujerumani alikuwa na kumbukumbu yake tu na michoro michache. Ilipokuja taa ya kuonyeshea picha ukutani, kila kitu kiligeuka. Heinrich Wölfflin, Mswisi aliyefundisha Basel, Berlin na Munich, alizoea kuonyesha picha mbili ubavu kwa ubavu na kuwauliza wanafunzi tofauti iko wapi. Njia hiyo ya picha mbili ilitawala madarasa kwa karne nzima, mpaka taa zile zilipopisha kompyuta.

Waingereza walichelewa. Felix Slade, mkusanyaji wa vitu vya sanaa, alipofariki mwaka 1868 aliacha fedha za kuanzisha viti vya maprofesa Oxford, Cambridge na London, na John Ruskin akawa wa kwanza Oxford. Mihadhara yake ilijaza ukumbi, lakini ilikuwa mihadhara tu. Hakuna aliyetoka na shahada. Edinburgh ilianzisha kiti chake mwaka 1880. Kwa jumla mwungwana wa Kiingereza wa zama zile aliona kuijua sanaa ni kama kujua divai: jambo la kurithi nyumbani, si la kufanyiwa mtihani.

Mambo yalibadilika mwaka 1932, ilipofunguliwa London Taasisi ya Courtauld, ya kwanza nchini humo kutoa shahada ya kwanza katika somo hili. Samuel Courtauld, mmoja wa waanzilishi wake watatu, hakuwa mtoto wa lodi. Ukoo wake ulikuwa wa wafumaji. Zamani walitajirika kwa kuuza kitambaa cheusi cha hariri walichovaa wafiwa wa enzi ya Malkia Victoria, kisha utajiri ukaongezeka maradufu kwa hariri ya bandia, ile rayoni inayotengenezwa kwa kuyeyusha massa ya mti. Kwa hiyo shahada ya kwanza ya historia ya sanaa Uingereza ilisimama juu ya uhandisi wa kemikali. Tunalitaja hili kwa furaha kidogo, msomaji atusamehe.

Fedha zilikuwapo, jengo lilikuwapo. Walimu ndio waliokuwa haba, na walimu waliletwa na balaa.

Mjini Hamburg alikuwako Aby Warburg, kifungua mimba wa ukoo wa Kiyahudi wenye benki. Ukoo husimulia kwamba akiwa na miaka 13 alimwachia mdogo wake Max haki ya kurithi benki kwa sharti moja: Max amnunulie kila kitabu atakachokitaka. Max alikubali akiona ni biashara nyepesi. Aby alinunua vitabu mpaka nyumba ikajaa, ikajengwa maktaba maalumu mlango wa pili, na maktaba ile ikawa mahali ambapo wasomi walichunguza namna alama na picha za watu wa kale zilivyosafiri kutoka nchi hadi nchi na zama hadi zama. Alifariki mwaka 1929. Miaka minne baadaye Manazi walishika nchi. Wasaidizi wake, Fritz Saxl na Gertrud Bing, waliona mapema kinachokuja, na mwezi wa Desemba 1933 walipakia vitabu takriban 60,000, pamoja na rafu, picha na samani, katika meli mbili ndogo zilizoitwa Hermia na Jessica, vikashushwa London. Samuel Courtauld alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuvipatia makao. Mwaka 1944 maktaba ile ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha London, na ingali huko.

Tumesoma habari hizi mara nyingi na kila mara tunasimama hapo kwenye zile meli mbili. Wapo kati yetu wazee waliotoka Zanzibar mwaka 1964 bila hata cheti cha skuli, seuze maktaba. Anayekimbia huchukua watoto kwanza, kisha dhahabu ikiwapo, kisha nguo. Hawa walichukua vitabu kuhusu picha.

Na nyuma ya vitabu walikuja watu. Ernst Gombrich alifika kutoka Vienna mwaka 1936. Wakati wa vita BBC ilimweka kazi ya kusikiliza matangazo ya redio ya Wajerumani na kuyafasiri, na mwaka 1950 alitoa kitabu chake cha hadithi ya sanaa ambacho kimeuzwa kwa mamilioni na bado wanafunzi wengi huanzia hapo. Johannes Wilde, naye kutoka Vienna, alifundisha Courtauld kizazi kizima cha waliokuja kuwa wakuu wa makumbusho. Nikolaus Pevsner alifukuzwa kazi Göttingen mwaka 1933 kwa sheria za Kinazi. Baada ya vita alizunguka England nzima, jimbo baada ya jimbo, akiandika kila kanisa, kila jumba, kila stesheni ya treni yenye thamani ya kutazamwa: juzuu 46 kati ya mwaka 1951 na 1974. Waingereza walifundishwa kuyatazama majengo yao wenyewe na mgeni mwenye lafudhi, na leo mtu akitaka kubomoa ukumbi wa kale katika mji mdogo wa huko, wanaompinga huja na kitabu cha Pevsner mkononi.

Kupanuka kwa somo baada ya hapo kulikuwa na sababu ya kiofisi zaidi. Mwaka 1960 kamati ya Coldstream iliamua kwamba wanafunzi wa vyuo vya uchoraji na ubunifu wote lazima wafundishwe historia ya sanaa. Ghafla kila chuo kilihitaji mwalimu. Vyuo vikuu vipya vya miaka ya sitini navyo vikaanzisha idara. Enzi hizo mwanafunzi mwenyeji hakulipa ada, na asiyekuwa na uwezo alipewa fedha za kujikimu, kwa hiyo hata mtoto wa dereva wa basi aliweza kujaribu. Oxford, pamoja na Ruskin wake, haikuanzisha shahada kamili ya kwanza katika somo hili mpaka mwaka 2004.

Basi sifa ya utajiri ilitoka wapi? Kwa sehemu ilitoka kwenye skuli. Somo hili kwa ngazi ya sekondari ya juu lilifundishwa zaidi katika skuli za kulipia, na mwaka 2016 bodi pekee iliyokuwa ikilitahini Uingereza ilitangaza kulifuta; baada ya makelele bodi nyingine ililichukua, likaendelea kuanzia 2017. Kwa sehemu ilitoka kwenye magazeti. Mwana wa mfalme William alipoingia St Andrews mwaka 2001 alianza na historia ya sanaa kabla ya kuhamia jiografia, na Catherine aliyekuja kuwa mkewe alihitimu somo hilo hilo hapo hapo mwaka 2005. Tangu hapo ukilitaja mbele ya Mwingereza wa kawaida anawaza farasi na kofia za harusi. Na kwa sehemu ilitoka kwenye ada zenyewe: pauni 1,000 kwa mwaka zilipoanza 1998, 3,000 mwaka 2006, 9,000 mwaka 2012. Mkopo wa namna hiyo humfanya mtoto wa maskini afikirie mara tatu, na mtoto wa tajiri asifikirie hata mara moja. Zaidi ya ada kuna ile tabia ya makumbusho na nyumba za mnada kutaka kijana afanye kazi miezi kadhaa bila mshahara "kupata uzoefu". Kwa maoni yetu, hilo limefunga milango mingi kuliko ada.

Mwaka 2014 Rais Obama, mtoto wa Mluo wa Kenya, alitembelea kiwanda cha General Electric mjini Waukesha, Wisconsin, akawaambia wafanyakazi kwamba vijana wengi wanaweza kupata kipato kikubwa zaidi kwa ufundi wa viwandani kuliko kwa shahada ya historia ya sanaa. Palepale aliongeza kwamba hana ubaya na somo hilo. Profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin alimwandikia kulalamika, na Obama akamjibu kwa barua ya mkono wake mwenyewe, akiomba radhi na kusema kwamba sekondari somo hilo lilikuwa miongoni mwa aliyoyapenda. Wahandisi wengi tulicheka. Hesabu ya Obama ilikuwa sahihi, na aliyewahi kumlipa fundi wa kuchomelea mabomba anajua.

Hesabu hiyo tuliibeba wenyewe tulipoitwa kwenye kikao cha ukoo, miaka michache iliyopita, kumzungumza binti wa ndugu yetu aliyekuwa amejaza fomu za vyuo vikuu vitano, zote historia ya sanaa. Alikuwa na alama nzuri za hisabati, na hiyo ndiyo iliyomuuma babake zaidi. Sisi tuliitwa kama mtu mzima na kama mhandisi. Tulimweleza mishahara, mikopo, ajira za mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema: "Sawa, ami. Lakini nikuulize wewe mhandisi. Nyumba za zamani za Lamu, kwa nini vyumba vyake ni virefu na vyembamba namna ile?"

Jibu tulikuwa nalo, na ni jibu zuri. Dari za nyumba zile hubebwa na boriti za mikoko. Boriti iliyonyooka vizuri ina urefu wake, na ikiwekewa mzigo wa mawe ya matumbawe na chokaa juu yake haiwezi kuvuka nafasi kubwa. Kwa hiyo upana wa chumba hukomea kwenye mita mbili na nusu, au tatu ukibahatika. Ndiyo maana chumba hurefuka ubavuni badala ya kupanuka. Tena jambo hili halikuishia kwetu. Boriti zilipakiwa kwenye majahazi kwa karne nyingi zikapelekwa Uarabuni, ambako Ghuba wanaziita chandal, na ndugu zetu walioko Muscat, Bahrain na Kuwait wakiingia katika nyumba ya kale watakuta chumba chembamba kilekile, kimepimwa na mti uliokatwa Rufiji au Lamu.

"Vizuri," akasema. "Lakini watu wa Kilwa walikuwa wanajua kuezeka kwa kuba karne nne kabla ya nyumba hizo kujengwa. Msikiti Mkuu wa Kilwa una makuba. Basi kama boriti ilikuwa inawabana, mbona hawakujenga kuba nyumbani?"

Mhandisi anaweza kujibu kwamba kuba ni ghali na inahitaji kuta nene. Ni kweli. Lakini binti alikuwa na jawabu lake. Katika nyumba ya Lamu unatoka daka, unapita tekani, unaingia kiwanda kilicho wazi juu, kisha vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, mpaka ndani. Majina yenyewe yanasema, wa tini na wa yuu, kwa kuwa sakafu hupanda kadiri unavyoingia. Mwangaza nao hupungua. Mwishoni kabisa, mahali ambapo mgeni wa kawaida hafiki, ndipo ukuta ulipochongwa zidaka nyingi za chokaa zenye nakshi nyembamba kama lesi. Upana uliamuliwa na mti, lakini mpangilio uliamuliwa na watu, nao waliutumia ule ufinyu kutengeneza hatua za heshima, kila ukuta ukiuliza wewe ni nani hata uende mbele zaidi. Kuba ingewapa ukumbi, na ukumbi hawakuuhitaji.

Kikao kilimalizika bila uamuzi, chai ikaletwa. Sasa yuko mwaka wa pili.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza kwa nini hoja kama hiyo haikuwamo katika vitabu vya historia ya sanaa ambavyo Gombrich na wenzake waliviandika kwa kipaji kikubwa namna ile. Sababu moja inajulikana: Afrika nzima iliwekwa kando. Vitu vya Afrika vilipelekwa idara za elimu ya makabila, si za sanaa. Makumbusho ya Uingereza ya London yaliviweka katika jengo jingine kuanzia mwaka 1970 hadi 1997, na vikarudi penye wenzao katika kumbi mpya mwaka 2001. Kitabu cha Gombrich kinawagusa Waafrika katika sura ya kwanza, pamoja na watu wa mapangoni. Baadaye vyuo kama SOAS, na kile cha East Anglia kilichopewa mkusanyo wa akina Sainsbury mwaka 1973, vilifungua njia ya kuisoma sanaa ya Afrika kama sanaa.

Lakini Mswahili aliachwa nje mara mbili. Wasomi wa sanaa ya Afrika walikuwa wanatafuta vinyago na sanamu, na sisi hatukuwa na vya kuwaonyesha kwa wingi. Wasomi wa sanaa ya Kiislamu walikuwa wanatafuta Cairo, Isfahan na Granada, na wakituona walituona kama pembezoni mwa Uarabuni, watu walionakili. Mlango wa nakshi ukiwa na ua la Kihindi, ukaitwa wa Kihindi. Msikiti ukiwa na mihrabu nzuri, ikasemwa umejengwa na Washirazi. Kwa muda mrefu waliozishika habari zetu walikuwa wachimbaji wa mambo ya kale: James Kirkman aliyeanza Gedi mwaka 1948, Neville Chittick Kilwa, na Peter Garlake aliyetoa mwaka 1966 kitabu kizima cha vipimo na michoro ya majengo ya pwani. Walifanya kazi kubwa, ingawa baadhi yao nao walianza na imani kwamba jiwe limetoka ng'ambo. Kisha katika miaka ya themanini Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine imekaliana, mmoja juu ya mwingine, na wa chini kabisa, wa karne ya nane, ulikuwa kibanda kidogo cha miti. Jiwe halikushushwa kutoka jahazini. Lilikua pale pale, juu ya mti na udongo.

Wanahistoria wa sanaa wenyewe walifika nyuma yao. Prita Meier alitoa kitabu chake kuhusu majengo ya miji ya Waswahili mwaka 2016, na yeye na Allyson Purpura wakaandaa maonyesho makubwa ya sanaa za Waswahili yaliyofunguliwa Illinois mwaka 2017 na kufika makumbusho ya Smithsonian, Washington, mwaka 2018, yakiwa na vitu vilivyoazimwa kutoka Kenya. Waliokwenda kati yetu waliona viti vya enzi vya mpingo na pembe vikiwa vimewekewa taa kama vito. Mwenzetu mmoja alituambia bibi yake alikuwa na kiti kama hicho Pate, akakiuza kwa mfanyabiashara kwa bei ya mbuzi wawili.

Kazi iliyobaki ni kubwa kuliko iliyofanywa, na sehemu yake iko majumbani mwetu. Chukua kanga. Kila familia yetu, iwe Leicester, Muscat au Toronto, ina sanduku la kanga za marehemu. Nyingi hazikuchapwa Afrika. Zilitoka viwanda vya Uingereza, Uholanzi, Uhindi na Japani. Lakini miundo na maneno yalipangwa na wafanyabiashara wa pwani waliowajua wateja wao, kama ukoo wa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, wale wa "Mali ya Abdulla". Maneno ya kanga za kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kilatini. Mtu aliyefundishwa atatazama herufi, pindo, rangi, uzi na alama ya mwenye mali, na ataweza kukuambia kanga ya bibi yako ni ya zama gani na ilitoka wapi. Sisi tunajua tu kwamba ni ya bibi.

Au chukua Beit al-Ajaib, ambayo sisi wahandisi tuna uchungu nayo wa pekee. Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883, mbele ya bahari, na ilikuwa jengo la kwanza Unguja kuwa na umeme. Mwaka 2012 kipande cha roshani kilianguka na makumbusho yaliyokuwamo yakafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya kazi za ukarabati, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Kupima nguvu ya nguzo na unyevu wa ukuta ni kazi yetu. Lakini likija suala la kuijenga upya, kuna swali ambalo mhandisi hana kipimo chake: kujenga ipi? Ile ya Barghash haikuwa na mnara wa saa usoni mwake. Mbele yake ulisimama mnara wa taa peke yake, na mnara huo uliharibiwa tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipoipiga mizinga Forodhani katika vita vilivyochukua chini ya saa moja. Mnara wa saa uliunganishwa na jumba baada ya hapo. Vizazi vyote vilivyo hai viliijua Beit al-Ajaib yenye saa. Ipi ndiyo ya kweli? Na milango, roshani, vyuma vya nakshi, vilikuwaje hasa mwaka 1890, mwaka 1920, mwaka 1950?

Majibu ya maswali ya namna hiyo yamo katika picha za zamani, na picha nyingi za zamani za Unguja haziko Unguja. Zilitoka na watu. Binti wa ndugu yetu alipokuja mwaka jana kuomba albamu ya bibi yake, tulimteremshia kutoka juu ya kabati tukitegemea atauliza huyu nani na yule nani. Hakuzitazama sura kwanza. Alizigeuza picha moja moja, akatafuta muhuri wa studio nyuma yake: Gomes, Coutinho, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Muhuri hubadilika kila baada ya miaka kadhaa, na kwa muhuri hupatikana tarehe, na kwa tarehe hujulikana lile jengo lililo nyuma ya bwana harusi lilikuwa vipi siku ile. Msomaji mwenye albamu ya aina hiyo asizing'oe picha kwa nguvu, maana gundi ya zamani huchana karatasi pamoja na muhuri. Azipige picha pande zote mbili pale zinapobanduka zenyewe, na aandike kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, jina la kila anayemtambua, maadamu wazee wa kumsaidia kutambua bado wapo.